Uwanja Wetu wa Kroke

Mchezo wa kroke niliujua ukubwani. Siku moja Padri mgeni alilala kwetu Mushaki. Akatuonyesha picha ya watu wenye nyundo ndefu za mti. Walikuwa wakipiga mipira ya mti na kuipitisha katika vyuma vilivyopindwa kama milango midogo. Akasema kwamba mwaka 1900 mchezo huo ulichezwa katika Olimpiki huko Paris, na wanawake pia walicheza. Tena, hapa Afrika, Wamisri ni hodari sana. Nikawaza, "Kama Wamisri wanaweza, sisi je?"

Shida ilikuwa mahali. Mushaki ni vilima tu. Ukiweka mpira chini, utaufuata bondeni kwenye njia ya Sake! Uwanja wa sheria una urefu wa mita 32 na upana wa karibu mita 26. Sisi tulitosheka na mita 20 kwa 16, nyuma ya nyumba yetu. Wanafunzi wa darasa la sita walichimba udongo upande wa juu, wakaujaza upande wa chini. Tulipima kwa kamba na pima-maji ya mwashi. Kazi hiyo ilichukua majuma matano. Seremala alichonga mipira minne, tukaipaka rangi: buluu, nyekundu, nyeusi na njano. Mhunzi alipinda vyuma sita, na nafasi yake ilizidi mpira kidogo tu.

Tulicheza wawili kwa wawili. Kila mtu hupiga mara moja, kisha humwachia mwingine zamu. Anayetangulia kupitisha mpira katika chuma hupata alama moja, kisha wote huenda kwenye chuma kinachofuata. Upande wa kwanza kupata alama 7 umeshinda.

Alasiri moja tulikuwa na alama 6 kwa 6. Mpira wangu ulikuwa umesimama mahali pabaya, kando ya chuma. Mara ndama akaingia uwanjani, watoto wakakimbia kumfukuza. Nikausogeza mpira kwa ncha ya kiatu, upana wa vidole viwili. Waliporudi nikapiga, ukapita. Watoto wakapiga makofi.

Mmoja tu hakupiga makofi. Ni yule mdogo aliyecheza upande wangu. Aliinama kuokota mipira, akauliza polepole, "Bruda, katika mchezo huu mwamuzi ni nani?"

Moyo ulinichoma. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha kwamba katika kroke kila mchezaji husema kosa lake, hata kama hakuna aliyemwona. Nikawaita wote, nikaungama kosa langu mbele yao. Tukawapa wenzetu ushindi. Nilidhani watanicheka, lakini walinyamaza, kisha yule mdogo akaniletea nyundo yangu, akasema, "Tuanze tena, Bruda."

Watoto, kilima tulikisawazisha kwa majuma matano. Moyo wa mtu husawazishwa kila siku. Basi, mkicheza, msingoje kuonekana ndipo mseme kweli. Njia ya mwongo ni fupi.