Ukuta wa Madrasa na Alama Nyekundu

Juma hili nitawatoa wasomaji wetu pwani niwapeleke Gusii, mpakani mwa Kisii na Nyamira, niwasimulie jambo ambalo sehemu ya lawama yake ni yangu mwenyewe.

Miaka tisa iliyopita nilialikwa na ndugu zetu Waislamu wachache waishio kando ya barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Keroka. Akina mama wa hapo walikuwa wamechanga fedha za ndizi na mandazi, shilingi kwa shilingi, wakanunua mawe na saruji ili wawajengee watoto wao madrasa. Nikaombwa niweke jiwe la msingi. Nikasoma Fatiha, nikaomba dua ndefu, kisha nikatangaza mbele ya watu kwamba ardhi ile ni wakfu. Sikuuliza hati iko wapi. Mzee mmoja alinyoosha bakora, akasema, "Kuanzia mkaratusi huu hadi kule barabarani," nami nikatosheka, tukaenda kula pilau.

Mwezi wa Rajabu uliopita nikapigiwa simu na mama anayefundisha pale. "Maalim," akasema, "wametuchorea X." Hakuna Mkenya asiyeijua alama hiyo ya rangi nyekundu. Wapimaji walikuwa wamepita na ramani yao, wakakuta ukuta wote wa mbele na chumba cha watoto wadogo vimesimama ndani ya hifadhi ya barabara, mahali palipokusudiwa kupita bomba la maji na nguzo za umeme. Wazee walinitaka niandike waraka kueleza kwamba jengo ni wakfu, na wakfu haubomolewi.

Nilisafiri kwenda kuwajibu uso kwa uso, kwa kuwa jibu lenyewe lilikuwa chungu. Wakfu hausihi ila kwa mwenye kumiliki. Mtu hawezi kumtolea Mwenyezi Mungu kitu kisicho chake, hata nia iwe safi namna gani. Niliwakumbusha habari ya kiwanja cha msikiti wa Madina, kilichokuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akakataa mpaka akakinunua. Tena pamepokewa katika Hadithi sahihi kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, upana wake uwe dhiraa saba. Njia ina haki yake hata pasipo mpimaji. Mambo hayo nimeyasomesha kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku ya kuyatumia niliyasahau.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inazihesabu barabara zilizowekwa kwa sheria kuwa ardhi ya umma, na ardhi hiyo haitolewi wala haitumiwi ila kwa utaratibu wa sheria. Hifadhi ya barabara huachwa wazi kwa makusudi, ili siku ya kuleta maji, umeme au nyaya za simu pasiwepo haja ya kuvunja nyumba ya mtu. Ni jambo jingine kabisa pale njia ya umeme inapokatiza shamba la mtu binafsi. Nyaya kubwa za kilovoti 132 zahitaji ukanda wa upana wa mita 30. Mwenye shamba hubaki na hati yake, hukatazwa kujenga na kupanda miti mirefu chini yake, na ana haki ya kulipwa fidia. Kifungu cha 40 kimewafungulia mlango wa fidia hata wakaaji wa nia njema wasio na hati, ardhi wanayoikalia inapotwaliwa kwa manufaa ya umma. Sisi tulikuwa tumejenga juu ya ardhi iliyokuwa ya umma tangu hapo, na sikutaka kuwapa akina mama tumaini la uongo.

Nawaelewa walioufikisha ukuta barabarani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, zaidi ya 950 katika kila kilomita mraba. Baba hugawa shamba kwa wanawe, nao kwa wao, mpaka ukingo wa barabara ndio pekee uliobaki bila jembe. Na wanyonge si wavamizi wa kwanza. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi za umma, zikiwamo hifadhi za barabara, zilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Wakubwa waliingia na hati mkononi, masikini kaingia na tofali.

Nilipomaliza, wazee walinyamaza. Mama mmoja, mjane, akauliza, "Maalim, siku ile ulipoomba dua, ulikuwa hujui haya?" Nikamwambia nilikuwa nayajua. Hakuongeza neno.

Siku ya tatu akina mama wenyewe wakaanza kuubomoa ukuta kwa uangalifu, jiwe baada ya jiwe, wasije wakapoteza hata moja. Yamepangwa nyuma ya mgomba, yamefunikwa turubai. Wamepata jirani aliye tayari kuwauzia kipande kidogo upande wa ndani. Safari hii walikwenda kwanza kufanya upekuzi katika masjala ya ardhi, wakakuta hati ingali kwa jina la babu yake aliyefariki zamani. Basi yapasa mirathi ipitie mahakamani, warithi wote wajulikane, na mabinti wamo. Kisha bodi ya ardhi ya kilimo itoe idhini ya kuuza. Baadhi ya wazee waliona huo ni usumbufu, wakataka tuandikiane karatasi tu mbele ya mashahidi. Yule mjane alikataa.

Watoto kwa sasa wanasoma barazani kwake. Mvua ikinyesha hurudi makwao mapema. Mimi nimechangia ada ya wakili, nayo si sadaka, ni deni. Wameniambia wataniita tena kuweka jiwe la msingi, na kwamba nije na miwani ya kusomea.