Kibaba Kikijaa

Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba. Lakini hawakutuambia hutokea nini kibaba kikishajaa. Mpenzi msomaji, mimi jambo hilo nilifunzwa na mita ya stima nyumbani kwetu Tena.

Ilikuwa Novemba 2024, likizo ya kufunga mwaka, nami nikiwa Kidato cha Kwanza. Mama hushona nguo kwa cherehani ya stima. Usiku huo alikuwa na magauni matatu ya harusi ya kukabidhi asubuhi. Mara stima ikaisha. Akanunua tokeni kwa simu, akanipa: "Haya, weka haraka." Arafa ilikuwa na safu tatu za tarakimu ishirini ishirini, badala ya moja tuliyoizoea. Nikajiona mjanja, nikaingiza ile ya mwisho tu. Mita ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Mama hakunigombeza. Aliwasha mshumaa, akashona kwa mkono hadi saa nane za usiku. Gauni la tatu halikuisha, na mwenyewe alilichukua hivyo hivyo bila kulipa. Mpaka leo nikikumbuka roho huniuma.

Asubuhi jirani wa ghorofa ya pili, fundi wa kompyuta, alitazama arafa akatikisa kichwa. "Kijana, hizi mbili za kwanza ndizo ufunguo mpya wa mita. Ya tatu imefungwa kwa ufunguo huo." Nikaziweka kwa utaratibu, taa zikawaka pwaa!

"Lakini Anko, kwa nini ufunguo ubadilishwe?" nikauliza.

Alinieleza kwamba kila tokeni hubeba hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Kwa hesabu hiyo mita hujua tokeni mpya na iliyokwisha kutumiwa. Taabu ni kwamba hesabu ilitengewa biti 24 tu, yaani nafasi 24 za sifuri au moja. Haiwezi kupita 16,777,215. Dakika hizo zilikuwa zinajaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na mita ingedhani tokeni mpya ni kuukuu. Ndiyo maana mita za aina hiyo, hapa kwetu na ng'ambo, zilipewa ufunguo mpya na hesabu ikaanzia 2014.

"Ni kama mita ya maili ya matatu ya zamani," akasema. "Ikipita 99,999 inarudi sifuri, lakini gari si jipya!"

Sasa niko Kidato cha Tatu na tumeanza kuandika programu. Niliandika moja kwa Pascal ya kujumlisha mapato ya mama kutoka daftari lake. Ilikwenda vizuri hadi shilingi 32,700. Nikaongeza 100 za kushona zipu, ikaandika -32,736! Nilipomwonyesha mama, alicheka: "Kumbe nadaiwa?" Nikakumbuka mita. Nambari kamili ya kawaida katika Pascal yetu ina biti 16, na mwisho wake ni 32,767. Ukiongeza moja tu, inaruka hadi -32,768, wala haipigi kelele.

Dawa ni tatu. Kwanza, chagua nambari kamili ndefu, ya biti 32, ambayo hufika 2,147,483,647. Pili, kagua kabla ya kujumlisha: toa bei mpya kwenye 32,767, na jumla ya sasa ikizidi jibu hilo, simama. Tatu, washa ukaguzi wa mipaka wa Pascal ili programu ikatike badala ya kukudanganya.

Msidhani ni mchezo wa watoto. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliharibika angani kabla ya sekunde 40 kwisha, kwa sababu nambari kubwa ililazimishwa kuingia katika biti 16. Wakubwa nao hupitiwa.

Hesabu mpya ya tokeni nayo itajaa Novemba 2045. Nitakuwa mtu mzima. Arafa ikija, nitaisoma yote, na safu ya kwanza nitaiweka kwanza. Gauni moja lilitosha kunifunza.