Pikipiki mpya ijaribu kwanza bila mzigo

Leo naweka kando habari za mbolea niwaeleze yaliyonipata.

Kwa miaka sita nimezunguka vijiji vya milimani Lushoto na pikipiki ya cc 125. Mwezi uliopita nikanunua ya cc 250. Siku ya tatu nilimpakia mama mmoja mkulima na trei mbili za miche ya nyanya. Kwenye mteremko wa changarawe nikabana breki ya mbele kwa nguvu niliyoizoea. Ya zamani ilikuwa inashika taratibu. Hii ina diski, inashika papo hapo. Tairi la mbele likateleza, tukaenda chini. Mama alichubuka goti, miche yote ikaharibika.

Alijipangusa vumbi, akasema: "Bwana shamba, si wewe unayetuambia mbegu mpya tuijaribu kwanza kwenye kipande kidogo?"

Sikuwa na jibu. Nilimlipa miche yake, nikaanza upya. Kila jioni naenda uwanjani peke yangu, bila mzigo. Najifunza kubana breki zote mbili polepole, kuvuta mafuta kidogo kidogo, na kuteremka kwa gia ndogo ili injini isaidie kuishikilia. Kitabu cha pikipiki nimekisoma chote. Siku za mwanzo siikimbizi, na oili ya kwanza nitamwaga kwa kilomita zilizoandikwa humo.

Ukinunua yenye nguvu, anza hivyo. Mama yule bado anakataa kupanda, na simlaumu.