Siku Nne za Rusumo

Karatasi ya faksi ilikuwa haiaminiki. Ilitoka mashineni ikiwa ya moto, imejikunja kama gome la mti, maandishi yake meusi tititi. Ukiiacha dirishani miezi michache unakuta imebaki kijivu, na bei ya beseni uliyokubaliana na mtu wa Kariakoo imeshayeyuka. Kazi yangu ya kwanza kwa Hajji, mfanyabiashara wa jumla wa Kigali, mwaka 2003, ilikuwa kukimbia na kila faksi kwenda kuitolea fotokopi kabla haijapoa. Nilikuwa na miaka ishirini, mtoto wa mtaa wa Biryogo, na nilichukuliwa kwa sababu ya Kiswahili changu. Kuuza Kigali, Kinyarwanda kilitosha. Kununua Dar es Salaam lilikuwa jambo jingine.

Mzigo mwingi tuliuchukua kwa mali kauli. Mwenye duka wa Kariakoo, ambaye Hajji alimwita Shehe nasi sote tukafuata, anapakia ndoo, sufuria, misumari na vitenge, anaandika kwenye daftari lake, na malipo yanasubiri gari lifike Kigali. Safari ni kama kilomita 1,500, na miaka ile vumbi la kati ya Dodoma na Singida lilikuwa bado vumbi kwelikweli. Simu za mkononi tulikuwa nazo, MTN Rwandacell ilianza 1998, ila kupiga nje ya nchi kulikuwa kunakula pesa hadi Hajji alikuwa akiongea amesimama, saa mkononi, salamu kazifupisha kama telegramu. Mimi nilitumwa kwa vijana wa Tuvugane, wale wenye vizibao vya njano waliouza dakika za simu barabarani.

Habari za gari alikuwa nazo dereva peke yake, naye alizitoa kwa kubipu. Bipu moja, nimepita Nzega. Mbili, niko Kahama. Tatu, niko Rusumo mpakani. Baada ya hapo hakuna aliyejua kitu ila sisi, na hapo ndipo biashara ya Hajji ilipoishi.

Gari likiingia Kigali Jumatatu usiku, Shehe akapiga Jumanne, jibu lilikuwa tayari: "Bado iko Rusumo, Shehe. Foleni." Foleni yenyewe haikuwa ya kubuni, maana daraja la zamani lilikuwa jembamba, likipitisha malori moja moja, kwa hiyo uongo wetu ulikuwa na mahali pa kukaa. Kati ya Jumanne na Ijumaa Hajji anauza kwa jumla kwa watu wa Nyabugogo na wa mikoani, anakusanya, anahesabu, na Jumamosi pesa ya Shehe inaondoka kwa mkono wa msafiri anayeaminika. Pesa ya Hajji mwenyewe katika mzunguko ule ilikuwa kidogo mno. Mtaji wake ulikuwa siku nne ambazo Kariakoo haikuwa na habari.

Miaka mitatu nilidhani tunamlaghai Shehe, na nilikuwa nikiona haya kuisikia sauti yake. Mwaka 2006 Hajji akanituma Dar. Nikakaribishwa vizuri, nikanyweshwa kahawa, na kabla sijaaga mzee yule akacheka: "Mwanangu, Hajji wako kila mwezi ana siku nne Rusumo. Mimi nazihesabu humo humo ndani ya bei." Nilirudi Kigali na basi lile refu nikiwa nimefundishwa somo ambalo sikulipata shuleni. Ule ulikuwa mkopo, una riba yake, ila hakuna aliyeuita hivyo, na kwa kuwa haukuwa na jina haukumvunjia mtu heshima.

Masoro, ambako stoo yetu ilihamia baadaye, niliijua kabla haijawa na geti. Shangazi yangu alilima mtama na maharage huko Ndera, ng'ambo ya uwanja wa ndege wa Kanombe, nasi watoto tulipelekwa likizo kufukuza ndege shambani. Hajji alipotangaza kwamba stoo inahamia huko, watu wa mjini walitucheka, maana kwao Ndera ilikuwa ni ile hospitali ya wagonjwa wa akili tu, na mtu akikuambia unaelekea Ndera anakutukana. Lakini viwanda na maghala ya bonde la Gikondo yalikuwa yanatakiwa kuhama yaipishe ardhi oevu yake, na serikali, baada ya sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi ya 2011, ilikuwa imelima vilima vile kwa katapila: hekta 98 awamu ya kwanza, 178 ya pili. Tulihamia 2014. Lami ilikuwa mpya, ukuta unanuka rangi, na intaneti ya mkongo ilifika mezani kwangu kabla ya choo kupata maji.

Mwaka ule ule mambo mawili yalitokea ambayo magazeti yaliyaandika kwa shangwe. Kwanza gharama za kupigiana simu kati ya Rwanda, Uganda na Kenya zilishushwa. Tanzania haikuwemo, kwa hiyo Hajji alianza kuwajulia hali jamaa zake wa Kampala kila siku na Shehe akabaki ghali kama zamani. La pili ndilo lililotuuma: himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki. Zamani gari lilifika Gikondo ndipo kodi ikalipwa, mara nyingine kwa pesa ya mzigo uliotangulia. Sasa tamko nalijaza mimi kwenye kompyuta Masoro huku kontena likiwa bado Dar, kodi inalipwa, ndipo linaachiwa bandarini. Safari imefupika sana, hilo silibishi. Ila pesa inadaiwa gari halijawasha hata injini, na mtu kama Hajji alikuwa amezoea kuipata baada ya injini kuzimwa.

Kilichobaki nilikiua mimi kwa kidole changu. Ilikuwa 2015. Nilikuwa nimenunua simu yangu ya kwanza yenye kamera nzuri, na tulikuwa na kundi la WhatsApp la madereva, mawakala na Shehe mwenyewe, ambaye mwanawe alikuwa amemfundisha. Vijana walipoanza kushusha katoni nikapiga picha, jua la asubuhi linaingia mlangoni, namba ya gari inasomeka. Nilitaka kumwonyesha Hajji kwamba hakuna kilichovunjika. Nikaituma kwenye kundi. Hazikupita dakika mbili, Shehe akajibu: "Mashallah, mzigo umefika salama. Naomba hesabu yangu leo."

Hajji aliisoma akiwa amesimama kando yangu. Hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akaisoma tena. Alasiri akaenda benki kuuliza masharti ya mkopo, akarudi na bahasha ya fomu.

Tangu hapo ni mbio tu. Daraja jipya la Rusumo lilizinduliwa 2016 na marais Kagame na Magufuli, foleni ikapungua, kisingizio nacho. MoMo, pesa za simu zilizoanza nchini 2010, ilimpunguzia kazi msafiri anayeaminika. Wateja wa rejareja wakawa wanalipa kwa *182# hapo hapo mlangoni. Volkswagen wakaja Masoro 2018, na Oktoba 2019 Mara Phones wakafungua kiwanda cha simu humo humo. Hajji alipita siku moja akakitazama kwa mbali, akasema, "Kumbe wanazipikia hapa."

Mei 2020 madereva wa Tanzania waligoma, wakipinga agizo la kukabidhi magari mpakani kwa wenzao wa Rwanda kwa ajili ya korona. Gari letu likakwama Rusumo kweli, siku baada ya siku. Shehe mdogo, aliyerithi duka, alikuwa akiitazama nukta ya gari hilo kwenye ramani yake, haiendi mbele wala nyuma, na hakuniuliza hata mara moja.

Siku hizi huniandikia yeye kwanza. "Dada, saa 4 na dakika 12 gari limeingia Masoro." Nachungulia dirishani, naona kweli, dereva bado hajashuka.

Hajji ameacha kazi. Anakaa Biryogo, macho yamepungua nguvu, simu yake ni ya vitufe. Hunipigia karibu kila wiki, na baada ya salamu ndefu, maana sasa dakika si ghali, anauliza lile lile.

"Gari iko wapi, binti yangu?"

Juzi lilikuwa nje ya mlango wangu, linashushwa.

"Bado iko Rusumo, Hajji."

"Ah," akasema, na nikamsikia akijiweka sawa kitini. "Basi tuna siku nne."