Kitabu Kilichoitwa Msamiati

Ukisikia mtu anasomea insia dijitali katika shahada ya uzamili, usidhani amekwenda kujifunza kuunda kompyuta. Anasoma fasihi, historia na lugha kama wenzake wa zamani, ila kompyuta humsaidia kuchunguza matini nyingi ambazo macho ya mtu mmoja hayawezi kuzimaliza. Padri Roberto Busa wa Italia aliianza kazi ya namna hiyo mwaka 1949, akisaidiwa na kampuni ya IBM, ili aorodheshe kila neno katika maandishi ya Thomas Aquinas. Ilimchukua takribani miaka 30.

Kiswahili kina ugumu wake. Wewe unajua kwamba "ninasoma", "hatukusomeshwa" na "msomaji" yametoka katika mzizi mmoja. Kompyuta isiyofundishwa viambishi huona maneno matatu yasiyojuana. Minyambuliko unayoinung'unikia darasani (nasikia, hata mkinong'ona) ndiyo hasa inayohitajika huko.

Lakini lipo jambo linalonigusa zaidi. Mwaka 1965, mji wa Lubumbashi ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, André Yav aliandika historia yake kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha Kongo, akaipa jina la Kifaransa linaloanza na Vocabulaire, yaani msamiati. Mkutubi anayetazama jina pekee ataipanga kando ya kamusi. Nayo programu iliyolishwa magazeti ya Dar es Salaam ikikuta "bazungu" mahali pa "wazungu", itapiga mstari mwekundu. Hapo hapana kosa. Hao ni watumishi wanaosimulia maisha yao chini ya mabwana wa kikoloni, kwa lugha waliyoizungumza. Ukiwasahihishia tahajia kimyakimya, umeugusa ushahidi wao. Ninafurahi kwamba Johannes Fabian, alipoichapisha mwaka 1990, aliyahifadhi maandishi ya asili pamoja na tafsiri.

Je, sisi wa Uganda? Tangu marekebisho ya mwaka 2005, Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, Kiswahili cha wachuuzi wa Busia na cha madereva wa malori pale Malaba kimeandikwa wapi? Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa huitwa kibovu.

Mimi nina stashahada. Shahada ya kwanza ninaisomea wakati wa likizo, kwa ada inayokatwa katika mshahara wa mwalimu. Safari ya uzamili bado ni ndefu. Nikifika, nitaanzia sokoni Busia, kwa idhini ya wenye sauti zao.

Wewe huna haja ya kunisubiri. Kama babu yako ana barua ya Kiswahili sandukuni, muombe ruhusa, uinakili herufi kwa herufi, pamoja na yale unayoyaona makosa. Pembeni andika iliandikwa wapi, mwaka gani, na nani alimwandikia nani.