Kamera na hema Hell's Gate: Ubebe nini, uache nini?

Likizo inapobisha hodi, vijana wengi wa mjini huanza kuzungumza juu ya safari ya kwenda kupiga kambi. Aghalabu mazungumzo hayo huanza kwa vishindo na kuishia hewani, maadamu kila mtu ana wazo lake na hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu na daftari. Iwapo wewe, msomaji, ni mmoja wa hao, na iwapo una kamera au unatamani kujinunulia moja, hebu nikuelekeze Hell's Gate, karibu na Naivasha.

Mbuga hii si kubwa. Ina ukubwa wa kilomita 68 hivi za mraba, ilitengwa mwaka wa 1984, na iko mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Sifa yake kuu ni kwamba ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Kwa hivyo kundi la wanafunzi wasio na gari halina haja ya kukodi lolote. Mtapanda matatu hadi mjini Naivasha, kisha nyingine inayofuata barabara ya kusini mwa ziwa, na kushuka kwenye njia panda ya lango la Elsa. Baiskeli hukodishwa papo hapo. Zijaribuni breki kabla ya kulipa.

Kamera gani?

Swali la kwanza ambalo watu huniuliza ni kamera ipi wanunue. Jibu langu huwaudhi wengi: usinunue kwanza. Simu nzuri iliyo mfukoni mwako itakupigia picha za magenge mekundu, za marafiki wakiwa wameuzunguka moto, na za pimbi wanaoota jua kwenye Fischer's Tower, lile jabali la urefu wa mita 25 hivi lililosimama peke yake karibu na lango. (Limepewa jina la Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita huku mwaka wa 1883.) Pimbi hao huwavumilia watu na huweza kuwasogelea. Hapo simu haina kasoro.

Kasoro yake huonekana pale twiga anaposimama mita 200 kutoka barabarani. Ukivuta picha kwa simu, twiga hugeuka madoadoa. Hapa ndipo lenzi ya kuvuta mbali hudai heshima yake, ile ya milimita 70 hadi 300. Kama una pesa za kitu kimoja tu, afadhali kamera kuukuu yenye lenzi nzuri kuliko kamera mpya inayong'aa yenye lenzi duni. Kamera hupitwa na wakati, lakini lenzi iliyotunzwa hudumu miaka mingi.

Vifaa vya mitumba vipo tele Nairobi, ila nunua ukiwa macho. Ielekeze lenzi kwenye mwanga na uchungulie ndani. Ukiona nyuzinyuzi mithili ya utando wa buibui, huo ni ukungu, na utaendelea kuila kioo. Lenzi zilizokaa Pwani kwenye joto na unyevu huwa na maradhi hayo mara nyingi. Uliza pia kamera imeshapiga picha ngapi, kwa kuwa kifaa kinachofunguka na kujifunga ndani yake huchakaa kama kiatu. Kisha itie betri na ukae nayo dukani kwa muda. Muuzaji akikuharakisha, nenda zako.

Katika kundi la watu kumi, kamera mbili kubwa zinatosha. Kila mtu akibeba yake, hakuna atakayepika. Mmoja achukue lenzi ya kuvuta mbali kwa ajili ya wanyama na ndege, na mwingine lenzi pana kwa ajili ya mandhari. Mkipatana hivyo hamtalazimika kubadilisha lenzi njiani, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu vumbi la Hell's Gate ni laini kama unga na likiingia ndani ya kamera halitoki kwa kupulizwa. Kwenye baiskeli msiitundike kamera kwenye usukani. Izungusheni sweta na muitie katika mkoba wa mgongoni.

Stendi ya miguu mitatu je? Ibebeni moja tu, ya pamoja. Usiku wa giza, kamera ikiachwa wazi kwa sekunde 15 au 20 bila kutikisika, huziona nyota nyingi kuliko jicho lako. Tazameni kalenda kabla ya kuchagua wikendi: mwezi mwandamo ndio wa nyota, mwezi mpevu huzifuta. Asubuhi, kabla jua halijapanda, ndiyo saa ya kuupiga picha mvuke wa Olkaria, ambako umeme umekuwa ukizalishwa kutokana na joto la ardhini tangu mwaka wa 1981. Hewa ikiwa baridi, mvuke huonekana mzito na mweupe. Ifikapo saa tano huwa umeshapoteza uzito wake, na nuru imekuwa kali, basi kunyweni chai.

Ndege zisizo na rubani ziacheni nyumbani. Huwezi kuirusha mbugani bila idhini maalumu, na langoni wataiulizia. Hali kadhalika, usimpige picha Mmaasai mchungaji au mama anayeuza shanga bila kumwomba ruhusa. Akikataa, amekataa.

Kupiga kambi si kulala nje tu

Chagueni mweka hazina mmoja, na kila mtu atoe pesa zake wiki mbili kabla ya safari. Ahadi si pesa. Viingilio vya mbuga na ada ya kambi hulipwa kwa njia ya kielektroniki, hivyo lipieni mapema na muweke risiti kwenye simu mbili, kwani moja ikizima mtabaki langoni mkitazamana. Kambi za Ol Dubai na Naiburta ziko juu ya magenge na zina mandhari ya kupendeza, lakini msitarajie duka. Maji ya kunywa bebeni wenyewe, na msiyabebe katika chupa zile za kutumiwa mara moja, kwani tangu Juni 5, 2020 plastiki za aina hiyo zimepigwa marufuku katika mbuga. Mtungi mmoja wa lita 20 na chupa za chuma zitawatosha kwa siku ya kwanza.

Usiku kuna baridi. Naivasha iko juu sana kutoka usawa wa bahari, na kijana aliyekuja na fulana na blanketi moja la shuleni ataamka saa tisa akitafuta moto. Baridi hiyo huzimaliza hata betri, kwa hivyo lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia. Chakula kifungiwe ndani ya vyombo vyenye vifuniko imara, maana nyani wa huko wanaijua zipu ya hema kuliko wewe. Nyati na chui nao wapo. Anayetoka usiku kwenda msalani asiende peke yake, na achukue tochi.

Maji ya korongo

Sasa nifikie jambo ambalo mpangaji wa safari hana budi kulisoma mara mbili. Mwishoni mwa barabara ya mbuga kuna korongo la Ol Njorowa, jembamba, lenye kuta zilizochongwa na maji zikapindapinda kama kitambaa. Kwa mpiga picha ni hazina. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2012, mafuriko ya ghafla yaliwaua humo vijana 7 waliokuwa wametembea na kundi la kanisa lao. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2019 maji yalikuja tena na kuua wageni wengine, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likalifunga.

Angalia hiyo miezi. Aprili ni masika, kila mtu angeweza kuogopa. Septemba si msimu wa mvua kubwa. Tatizo ni kwamba mvua inayoua si lazima iwe ile unayoiona. Hunyesha kwenye miinuko ya mbali, maji yakakusanyika mikondoni na kuteremka yote kwa pamoja katika ufa ambao mahali pengine hauna upana wa kupitisha watu wawili sambamba. Wewe uko chini unapanga picha, jua linawaka juu yako, na mlango wa kutokea uko mbali.

Hivyo basi, ulizeni askari wa mbuga siku hiyo hiyo kama korongo liko wazi. Wakisema hapana, msitafute kijana wa kuwapitisha kichochoro. Wakisema ndiyo, chukueni mwelekezi anayetambuliwa, mshuke asubuhi, na mkubaliane kabla ya kushuka kwamba neno la mwelekezi likitoka hakuna atakayesema "subiri nimalizie picha moja." Wingu jeusi likionekana upande wowote, hata kwa mbali, hamshuki. Wazazi wanaowaruhusu watoto wao kwenda na kundi la shule au la kanisa wana haki ya kumwuliza kiongozi maswali haya kabla ya kutoa nauli.

Picha za kuta zile zinaweza kupigwa kutoka ukingoni, juu, penye usalama, kwa lenzi ile pana. Msisogelee ukingo wenyewe. Udongo wake humeguka.

Jumapili ondokeni kambini kabla ya adhuhuri, kwani barabara kuu ya kurudi Nairobi hujaa magari jioni na nauli za matatu hupanda. Kabla ya kutawanyika, nakilini picha zote mahali pamoja mkiwa bado Naivasha mnasubiri chakula. Wale wenye kamera wakishafika makwao, mtazisubiri hadi likizo ijayo.