Mimi ni wa Malava, si Malawi!

Nimepotea kidogo, najua. Niko nyumbani Malava tangu Ijumaa, na kama unazifahamu sehemu hizi za Kabras, unajua mtandao wetu una tabia zake: asubuhi unakimbia kama swara, ikifika saa nane na mawingu yakitanda upande wa msituni, kwisha. Saa hii nimekaa chini ya mwembe, simu nimeiweka kwenye tawi ili ishike mawimbi, laptopu iko mapajani, na trekta za miwa zinapita barabarani zikinimwagia vumbi. Ofisi nzuri kuliko nyingi za Nairobi.

Kilichonifanya niandike ni mpwa wangu. Alimaliza masomo ya kompyuta mwaka jana pale Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, na Jumatano hii ana intavyu Nairobi. Jana alikuja na sivii yake kwenye simu. "Mjomba," akaniambia, "nifundishe nisikosee." Nikacheka. Halafu nikanyamaza, maana nilikumbuka intavyu yangu ya kwanza.

Ilikuwa 2011. Nilipanda basi la usiku kutoka Kakamega, shati nimelikunja ndani ya gazeti lisipate mikunjo (lilipata), nikafika Machakos Country Bus saa kumi na moja alfajiri. Nikanawa uso kwenye choo cha kulipia. Mahojiano yalikuwa saa tatu. Wakaniita saa sita kasorobo.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Wa kwanza alikuwa kwenye simu, akaniashiria kwa kidole niketi. Wa pili akaniuliza kama nina nakala ya sivii. Sivii ile ile niliyowatumia kwa barua pepe wiki mbili kabla! Nikampa. Akaisoma mbele yangu, polepole, kama mzee anayesoma matangazo ya vifo gazetini. Kisha akainua kichwa: "Kumbe umetoka Malawi? Kiswahili chako ni kizuri sana."

Nikamwambia ni Malava, Kaunti... la, wakati ule bado tulikuwa tukisema Wilaya, ukitoka Kakamega unafuata barabara ya Webuye. "Aaa, kwa Waluhya! Basi wewe na kuku hamwachani." Wakacheka wote watatu. Nami nikacheka. Nimesahau mengi ya siku ile, lakini kicheko changu mwenyewe sijakisahau.

Yule wa tatu ndiye aliyekuwa fundi. Akaanza kuniuliza kuhusu Oracle. Tangazo la kazi lilikuwa la PHP na MySQL, nalo nilikuwa nalo mfukoni. Baadaye niligundua alikuwa ameshikia mwenzake nafasi, aliambiwa aingie asubuhi ile ile, naye akadhani kazi ni ya kutunza hifadhidata. Hapo ningesema tu, "Samahani mzee, Oracle sijaifanyia kazi, tangazo lilisema MySQL." Sikusema. Nilisema "ndiyo, naijua." Swali lililofuata likaniweka uchi. Dakika kumi na tano zikaisha, nikarudi nyumbani kwa basi la usiku mwingine. Hawakuniandikia hata neno la kunikataa.

Kwa hiyo na mpwa wangu nilianzia hapo, kwenye "ndiyo, naijua." Sivii yake ilikuwa na lugha kumi na moja za programu. Kumi na moja! Nikamuuliza kuhusu moja, akasema aliisoma wikendi moja. Tukazifuta, zikabaki tatu. Alinung'unika kidogo, akaona ukurasa umekuwa mweupe mno.

Kosa la pili lilinichukua miaka mingi kulielewa, na sidhani linaandikwa kwenye vile vitabu vya "shinda intavyu." Kijana wa kwetu ukimuuliza alifanya nini, atakujibu: tulitengeneza, tulipima, tulirekebisha. Tumelelewa hivyo. Mtu wa "mimi, mimi" mbele ya wazee anaonekana hana adabu. Lakini anayekuhoji anataka kujua mkono wako uligusa wapi, na ukisema "tulifanya" mara kumi anaandika kwenye karatasi yake kwamba huenda hukufanya lolote. Nilimfanyisha mpwa wangu mazoezi ya kusema "nilifanya." Ilikuwa kama kumfundisha mtu kutukana. Tukapatana hivi: aseme "tulikuwa wanne, sehemu yangu ilikuwa hii." Hapo hadanganyi na hajisifu.

Kosa la tatu ni kunyamaza. Nilimpa lile swali la zamani linaloitwa FizzBuzz, ambalo Imran Ghory aliliandikia mwaka 2007 na likaenea duniani kote: andika programu inayochapisha namba 1 hadi 100, lakini namba inayogawanyika kwa 3 ichapishe Fizz, kwa 5 ichapishe Buzz, na kwa zote mbili ichapishe FizzBuzz. Ni swali dogo. Mtego wake ni kwamba ukianza kwa kuuliza kama inagawanyika kwa 3, basi 15 inatoka Fizz tu na haifiki mbali. Mpwa wangu alilipata, lakini alikaa dakika nne bila kutoa sauti. Mimi ninayemjua nilijua anafikiri. Mgeni angedhani amelala. Fikiri kwa sauti, nikamwambia, hata kama ni kusema "hapa sina uhakika."

Sasa nigeuke upande wa pili wa meza, kwa sababu ushauri wote huwa unamwagwa kwa anayetafuta kazi, kana kwamba wanaohoji walizaliwa wakijua.

Hawajui. Wengi wetu hakuna aliyetufundisha. Unaitwa tu: wewe ni fundi, ingia umhoji huyu. Unaingia mikono mitupu, na kwa kuwa huna maswali unauliza lile ulilowahi kuulizwa wewe, au fumbo ulilolisoma mahali. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba yale mafumbo ya kampuni yao hayakuwa yakitabiri chochote. Mafumbo yenyewe lakini yalikuwa yameshasafiri hadi huku, na bado utayakuta. Miaka miwili baadaye Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, aliandika Twitter kwamba Google ilimkataa kwa kuwa hakuweza kugeuza mti wa matawi mawili ubaoni, ilhali wahandisi wao wengi walikuwa wakiitumia programu yake. Watu wamebishana sana kama alionewa. Kwangu mimi swali ni dogo zaidi: mti ule ungekuja kugeuzwa lini kazini?

Na si malalamiko tu, watafiti wamelipima jambo hili. Paul Sackett na wenzake mwaka 2022 walipitia upya tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuajiri. Kwa kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kosa, mahojiano yaliyopangwa (maswali yale yale kwa kila mtu, alama kwa vigezo vilivyoandikwa mapema) yalipata 0.42. Mahojiano ya kupiga soga yalipata 0.19. Idadi ya miaka ya uzoefu, ile inayojaza matangazo yetu yote ya kazi, ilipata 0.07. Soma namba hiyo tena, kisha ufikirie kila tangazo linalomtaka mtu wa kuanza kazi awe na uzoefu wa miaka mitano.

Nilimsomea mpwa wangu namba hizi kwa kelele za mtu aliyeonewa. Akaniuliza: "Na wewe mjomba, ukihoji watu huwa unajiandaa?"

Swali hilo ndilo limenitoa usingizi.

Mwaka 2021 nilikuwa nimeshakuwa mkubwa kidogo kwenye kampuni fulani, si ile ya Malawi. Meneja akaniandikia dakika kumi kabla: kuna msichana wa kuhojiwa kwa video, ingia umuulize maswali ya ufundi. Nikaingia na kikombe cha chai. Picha yake ilikuwa ikikatika, nikajisemea moyoni kwamba hajajiandaa. Nikafungua sivii yake akiwa anaongea, macho yangu yakaenda kwenye shule, sikuendelea. Nikamuuliza: "Je, umewahi kutengeneza mfumo unaotumika na watu halisi, au ni ya shule tu?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana: "Ndiyo. Ipo hapo ukurasa wa kwanza."

Ilikuwapo. Alikuwa ametengeneza mfumo wa ujumbe mfupi wa kuwaarifu wakulima uzito wa mzigo wao kwenye mizani. Wakulima wa miwa. Mimi mtoto wa Malava, niliyekulia kwenye ugomvi wa mizani, sikukisoma. Baada ya hapo alipoteza mwendo, akajibu maswali yaliyobaki kwa neno moja moja. Kwenye fomu nikamwandikia alama ndogo upande wa kujiamini. Hakuchukuliwa. Usiku ule nilisoma sivii yake yote. Barua pepe yake ilikuwa pale juu kabisa, na sikumwandikia.

Hayo sikumficha mpwa wangu. Tangu siku ile najipa nusu saa kabla ya kila intavyu, naandika maswali matatu na jibu ninalolitarajia, na natoa alama zangu kabla ya kusikia za wenzangu. Nikikosa hiyo nusu saa naomba tusogeze siku. Kuna meneja aliyewahi kukasirika. Akasirike.

Swali ninalolipenda siku hizi ni la M-Pesa, kwa kuwa kila mtu hapa ameshika simu. Mteja ameweka namba yake ya siri, pesa zimetoka, lakini seva yako haijapata ule ujumbe wa Safaricom wa kuthibitisha malipo. Utafanya nini? Nikamtupia mpwa wangu. Akasema, "Namwambia alipe tena." Masikini mteja! Nikamwacha afikiri kwa sauti. Akafika mwenyewe: weka oda kama "inasubiri," halafu iulize Daraja hali ya muamala ule badala ya kungoja tu. Nikamuuliza, na ujumbe ukija mara mbili? Hapo alichukua muda, trekta mbili zikapita, kisha akasema atatumia namba ya risiti ya M-Pesa kama ufunguo usiojirudia, ili malipo yasihesabiwe mara mbili. Nilitaka kumwajiri palepale, ila sina kampuni.

Jambo la mwisho tuliloongea lilikuwa la karatasi. Barua ya mwaliko ilimtaka aje na cheti cha tabia njema cha polisi, cha HELB, cha EACC na vinginevyo, na alikuwa ameanza kukopa pesa za kuvilipia. Sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri anaweza kukuomba vyeti hivyo pale tu anapokusudia kukupa mkataba. Nikamwambia aandike kwa upole kwamba ataviwasilisha akipewa kazi. Bado hawajajibu, naye ana wasiwasi kwamba ameonekana mjuaji. Nami pia, kusema kweli, nina wasiwasi kidogo. Na sheria ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua hata anayeomba kazi kwa sababu ya kabila lake, kwa hiyo mambo ya kuku yabaki jikoni. Lakini yakitokea sijui atafanya nini. Aliniuliza, nikamwambia asicheke tu.

Basi lake linaondoka Kakamega kesho jioni. Nimempa shati langu, mikono imemzidi kidogo. Na ile barua pepe ya 2021, nimeitafuta leo asubuhi nikaipata. Nimeandika mistari miwili nikaifuta, nikaandika tena. Mawingu hayo yanakuja, ngoja nitume hii kwanza kabla mtandao haujaenda.